Jina lako, jina la kubuni au jina la bidhaa: lipi liingie kwenye lebo?

Dada mmoja aliingia dukani kwetu na makopo mawili ya achari ya embe kwenye mfuko wa kitambaa, na daftari la shule kwapani. Ukurasa wa katikati ulikuwa na majina matatu, kila moja limekatwa mstari kisha limeandikwa upya chini yake: Achari ya Bi Salma, Tausi, Achari ya Embe Tanga. (Majina nimeyabadili, aina zake ni zilezile.) Mwaka mzima alikuwa akiwauzia majirani wa Mbagala bila lebo. Sasa supamaketi moja ilikuwa imekubali kumpa nafasi kwenye rafu, mradi makopo yawe na jina. "Kaka, nisaidie," akasema, "hii ni wiki ya pili nimekwama."

Kazi yangu ni kuchapa lebo na vifungashio, na nakuhakikishia wanaokwama hapo ni wengi kuliko wanaokwama kwenye rangi au nembo. Rangi utaibadili ukichapa tena. Jina ukishalipeleka BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TBS (shirika la viwango), benki, kwenye lipa namba na kwenye midomo ya wateja, kuling'oa si kazi ya siku moja. Kwa hiyo ninayalinganisha hapa kama nilivyomlinganishia yeye, aina tatu kwa vigezo vilevile, na uamuzi ninakuachia wewe unayejua biashara yako.

Vigezo ni vitano. Jina linakaaje mdomoni mwa mteja na kwenye kopo? Unaweza kulisajili na kumzuia mwingine asilitumie? Likoje siku ukiongeza bidhaa au ukihama? Mwenye biashara akiugua, akiuza au akikosea, jina linapona? Na cha tano, linadai utunzaji gani kila siku?

Mdomoni na kwenye kopo

Jina la mwenyewe lina kitu ambacho tangazo halileti. Anayenunua kwa Bi Salma ananunua mkono wa Bi Salma. Mama lishe wengi hawana bango hata moja, na bado mafundi wa mtaa mzima wanajua saa sita waende kwa nani. Ubaya wake ni kwamba akina Bi Salma ni wengi. Mteja akimwelekeza shoga yake anayeishi Kigamboni, huyo shoga anaweza kufika kwa Bi Salma mwingine, akanunua, asiipende, na lawama zikarudi kwako.

Jina la kubuni, au neno la kawaida lisilohusiana na bidhaa kama Tausi, huanza likiwa kimya. Miezi ya mwanzo watu watauliza, "Tausi ndiyo nini?" na utajibu kila siku bila kuchoka. Lakini kwenye kopo linashinda yote. Lebo ya kopo la gramu 250 ina upana wa vidole vichache tu. Hapo pana jina, uzito, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda, namba ya toleo na anwani yako. Herufi tano utaziandika kubwa hadi zisomeke na mtu anayepita na toroli. "Achari Bora ya Bi Salma wa Mbagala" nitalazimika kuipunguza mpaka ifanane na maelezo ya viambato. Kama unabuni, lijaribu jina hivi: mpigie mtu simu ukiwa ndani ya daladala, litamke mara moja, mwambie aliandike akutumie. Fanya kwa watu watano. Wakikosea wawili, tafuta jingine. Zile tahajia za x na z zinazowekwa ili jina lionekane la kisasa huanguka hapohapo.

Jina la bidhaa na mahali halihitaji maelezo. Anayetafuta achari ya embe kwenye simu atakufikia, na mgeni dukani ataelewa bila kuuliza. Ila rafu hiyohiyo ina makopo mengine matatu yaliyoandikwa achari ya embe. Nimesimama nikasikia mteja akisema, "Nipe ile yenye kifuniko chekundu." Jina lilikuwa mbele yake kwa herufi kubwa, na bado alichokumbuka ni kifuniko. Mshindani akinunua vifuniko vyekundu Kariakoo, mteja huyo ameondoka bila kujua kwamba ameondoka.

BRELA na haki ya kumzuia mwingine

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu huchanganya vitu viwili na kuumia. Jina la biashara ni utambulisho, linaonyesha nani anafanya biashara kwa jina gani. Sheria ya Tanzania Bara inakutaka ulisajili unapofanya biashara kwa jina lisilo lako halisi. "Achari ya Bi Salma" si jina lililo kwenye kitambulisho cha mtu yeyote, kwa hiyo nalo linasajiliwa. Alama ya biashara ni haki. Hiyo ndiyo inayokupa nguvu ya kumzuia mwingine asiweke jina hilo, au linalofanana nalo, kwenye bidhaa za aina yako. Yote mawili yanaombwa BRELA kwa mtandao, lakini ni maombi mawili tofauti, na cheti cha kwanza hakifanyi kazi ya cha pili. Mteja wangu mmoja alikwenda na cheti cha jina la biashara hadi kwa mtu aliyeiga lebo yake, akiamini kimemaliza maneno. Hakikumaliza, na nilimwonea uchungu maana alikuwa na miaka sita kwenye soko.

Alama ikisajiliwa Tanzania Bara inadumu miaka 7 ya kwanza, kisha inahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kabla ya hapo ombi lililokubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi hupewa siku 60. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45 ya kimataifa, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Sabuni ziko daraja la 3, nguo la 25, matunda na mboga zilizohifadhiwa la 29, viungo na sosi la 30, huduma za mgahawa la 43. Achari imekaa mpakani mwa 29 na 30, hivyo uliza kabla ya kulipa, kwa sababu kila daraja ni ombi lake na ada yake. Na cheti cha Bara hakivuki maji. Zanzibar ina wakala wake wa usajili, BPRA, na Kenya alama husajiliwa KIPI, taasisi yao ya kazi hiyo, kwa miaka 10.

Sasa pima majina yetu. La kubuni ndilo rahisi kulilinda, kwa kuwa neno lisiloelezea bidhaa halina mwingine mwenye sababu ya haki ya kulitumia kwenye bidhaa hiyo. La mwenyewe liko katikati. Jina la watu wengi ni gumu kulidai peke yako, lakini ukilifunga na mchoro, mwandiko maalumu au sura ya nembo, unapata kitu cha kushika. La bidhaa ndilo dhaifu zaidi. Hakuna msajili atakayekupa umiliki wa maneno "achari", "embe" au "Tanga", na ni haki asikupe, kwa maana wengine nao wanatengeneza achari ya embe Tanga. Unachoweza kusajili ni nembo nzima yenye mchoro, huku maneno yenyewe yakibaki ya watu wote. Ndiyo hali ya mchele wa Kyela na asali ya Tabora. Sifa ni kubwa, anayeitumia ni yeyote, na anayechanganya mchele wa kwingine kwenye gunia anakula jasho la wakulima wa Kyela.

Wapo wanaoogopa kwamba neno la Kiswahili haliwezi kuwa alama. Linaweza, ila kwa bidhaa fulani katika nchi fulani. Kampuni ya Disney ilisajili "Hakuna Matata" Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya fulana, na mwaka 2018 zaidi ya watu 100,000 walitia saini wakitaka waiache. Hasira ile naielewa, ni maneno yetu. Lakini hakuna aliyekatazwa kuyatamka. Usajili unashika bidhaa, lugha hauigusi, na kwako wewe mdogo hilo ni jambo la kukupa moyo: neno zuri la Kiswahili lisiloielezea bidhaa yako unaweza kulifanya alama yako.

Ukiongeza bidhaa, au ukihama

Hapa nina kidonda changu. Duka langu la kwanza nililipa jina la mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, tulipokuwa tumepanga. Lilikuwa jina zuri mno, kila mteja alijua afike wapi. Mwenye nyumba akapandisha kodi mara mbili ndani ya mwaka mmoja, tukahamia Buguruni na bango letu. Kwa miezi mingi watu walikwenda Mchikichi, wakakuta wauza vitenge, wakarudi nyumbani wakidhani tumefunga. Mahali kwenye jina panakubeba ukiwepo, na panakusaliti ukiondoka.

Bidhaa kwenye jina nayo ni hivyohivyo. "Achari ya Embe Tanga" haiwezi kuwa jina la siagi ya karanga. Lakini kama kweli hutauza kingine, kama umeamua kuwa bingwa wa kitu kimoja, ufinyu huo unakuwa sifa, maana mteja anaamini zaidi mtu anayefanya kitu kimoja tu.

Jina la mwenyewe linanyooka kiasi. Bi Salma wa achari anaweza kuwa Bi Salma wa pilipili na wa chachandu, hata wa viungo vya pilau. Akianza kuuza sabuni ya chooni watu watasita, na wana sababu, mkono ni uleule. La kubuni ndilo linalonyooka mbali. Tazama Azam. Jina hilohilo limekaa kwenye unga, aiskrimu, maji, boti za Dar es Salaam na Zanzibar, televisheni na klabu ya mpira, na hakuna anayeshangaa.

Akiugua, akiuza, akikosea

Biashara yenye jina la mtu inapumua na mtu huyo. Bi Salma akilazwa wiki tatu, wateja watauliza kama achari ya wiki hii ameigusa yeye. Binti akirithi, atahitaji muda kuwaaminisha kwamba mkono ni wa mama. Akitaka kuuza biashara, mnunuzi atajiuliza ananunua nini hasa, kwa kuwa Bi Salma hauzwi. Na Bi Salma akigombana na mtu kwenye stetasi usiku, asubuhi oda zinapungua. Upande wa pili, likitokea kosa, kopo limechacha kwa mfano, hakuna anayeomba radhi vizuri kama mtu mwenye jina lake kwenye lebo. Mteja anamsamehe mtu upesi kuliko anavyosamehe kampuni.

La kubuni linarithishika, linauzwa, linagawanywa hisa. Kama mko wawili au watatu, ningewasihi mlifikirie kwa uzito, kwa sababu jina la mmoja wenu kwenye bango ni ugomvi uliohifadhiwa. Likikosea, ni lazima uso utafutwe wa kusimama mbele. La bidhaa halimtegemei mtu yeyote, ila siku ya kuuza utauza mashine, mapishi na orodha ya wateja. Jina lenyewe lina thamani ndogo.

Kulitunza kila siku

Kuna kitu kidogo ambacho wengi hawakioni mpaka wasimame upande wa mteja. Mteja anachukua kopo, anaingiza lipa namba, anaweka kiasi, na kabla ya namba ya siri simu inamletea jina la anayelipwa. Kwenye kopo pameandikwa Tausi. Kwenye simu panatokea majina matatu ya mume wa mwenye duka. Nimeona kidole kikiganda juu ya kitufe. "Hili jina la nani?" Wengine wanathibitisha, wengine wanasema watalipa taslimu kesho, na kesho hawarudi. Sajili jina, kisha fungua lipa namba na akaunti kwa jina hilohilo. Hilo ni kwa aina zote tatu, na lina faida kuliko tangazo la kulipia.

Zaidi ya hapo, kila aina ina njaa yake. Jina la mwenyewe linataka uwepo wako, upokee simu, utokee kwenye video, uonekane kwenye maonesho, watu wakukute. La kubuni linataka kurudiwa bila kubadilika, rangi ileile na mwandiko uleule kwenye kopo, aproni, stika ya bodaboda na picha ya WhatsApp. Anayebadili nembo kila Ramadhani anaanza upya kila Ramadhani. La bidhaa linataka kifungashio kizuri na bei inayosimama, kwa sababu rafuni hakuna kingine cha kukutofautisha. Kwa aina zote, alama ya ubora ya TBS inasema jambo ambalo jina haliwezi kusema. Mzalishaji mdogo aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, wapo tangu 1973 kwa kazi hiyohiyo ya kumshika mkono. Msimbopau (ile mistari myeusi ya kusomwa na mashine) ukiutaka, namba za GS1 Tanzania, wanaotoa namba hizo, huanza na 620.

Nani linamfaa

Jina la mwenyewe linamfaa anayeuza mkono wake na anapenda kuwa mbele ya watu: mpishi, mshonaji, msusi, fundi, mpambaji wa harusi. Halimfai anayetaka biashara iendelee akiwa safarini miezi mitatu. La kubuni linamfaa anayelenga rafu za maduka asiyoyajua, mikoa mingine, washirika au mkopo mkubwa, na aliye na subira ya kuulizwa "ndiyo nini?" mwaka mzima. La bidhaa na mahali linamfaa anayeuza kwa jumla, anayetegemea watu wa kupita barabarani, au kikundi cha wakulima wa eneo moja ambao sifa ya mahali ni mali yao wote. Chuo kidogo cha ushonaji au zahanati ya mtaa nayo hunufaika na jina linalosema kazi yake waziwazi.

Ipo pia njia ya kuchanganya, na familia ya Bakhresa waliishika mapema. Kampuni imebeba jina la familia, bidhaa zimebeba Azam. Yule dada wa Mbagala alikwenda njia hiyo kwa kimo chake. Tausi ikakaa mbele kwa herufi nene, "achari ya embe" ikakaa chini yake ili mgeni aelewe, na juu ya kifuniko tukaweka mstari mdogo wa mviringo, "mkono wa Bi Salma". Aliagiza lebo mia mbili tu za kuanzia. Ningependa kuuza elfu mbili, lakini alikuwa sahihi.

Kwa hali yako

Kama unaanza leo na mtaji ni mdogo, wateja wako wote wanakujua kwa sura, usijitese. Anza na jina lako, lisajili kama jina la biashara, na weka pembeni fedha ya alama kidogo kidogo.

Kama supamaketi au msambazaji ameshakuita, tafuta kwanza kwenye mtandao wa BRELA kama jina lipo, kabla hujachapa chochote. Nina maboksi ya lebo za watu waliochapa kwanza wakatafuta baadaye, na hayana kazi nyingine.

Kama mko washirika, jina la kubuni, na liandikwe kwenye makubaliano ni la nani siku mkiachana.

Kama unauza mtandaoni tu, hakikisha jina linapatikana sawasawa Instagram, TikTok na WhatsApp. Jina linalohitaji namba na vistari ili lipatikane litakuchosha.

Kama bidhaa yako inavuka kwenda Zanzibar au Kenya, hesabu gharama za kusajili huko tangu mwanzo, na chagua jina ambalo halina maana mbaya kwa wenyeji. Muulize mtu wa Mombasa au Unguja alitamke.

Na kama tayari una jina linalokubana, usilibadili kwa pupa. Kampuni ya simu ya Celtel ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010, na walikuwa na mabango ya nchi nzima kuwaeleza watu. Tigo ikawa Yas mwaka 2024, na bado unasikia mtu akisema nitumie kwa Tigopesa. Wewe una kopo tu. Kwa hiyo liache kopo lifanye kazi. Maliza kwanza lebo za zamani. Kwenye toleo jipya weka jina jipya kubwa na la zamani dogo chini yake, "zamani Achari ya Embe Tanga", kwa mwaka mmoja. Rangi na kifuniko usiviguse wakati huohuo, ili mkono wa mteja uende mahali ulipozoea hata kama macho yamesoma jina geni. Lipa namba ibadilishe wiki ileile makopo mapya yanapofika dukani, na kila mwenye duka unayempelekea mpigie mwenyewe, umwambie kwa sauti yako.